Kalibu Huvunjwa, Kikuku Hubaki

Marehemu mama alikuwa na vikuku viwili vya fedha. Alivivaa siku ya harusi yake, akavivaa kila Idi niliyoijua utotoni, na kwa kuwa vyote viwili alivitia mkono mmoja, vilikuwa vikigongana kila alipoinua birika kumimina chai. Sisi watoto tulijua yuko chumba gani bila ya kumwona. Mwaka 1986 niliitwa shule ya sekondari na karo haikuwapo. Mama akatoka na buibui lake baada ya alasiri, akarudi kabla ya magharibi, na tangu jioni ile sauti ya vikuku haikusikika tena nyumbani kwetu. Kimoja kilikuwa kimekwenda kwa sonara kikarudi noti. Cha pili alikifunga katika kipande cha kanga akakitia chini kabisa ya sanduku. Mpaka kufa kwake hakunitajia jambo hilo, wala mimi sikuwa na uso wa kumwuliza. Ila nilimsikia siku moja akimwambia shangazi yangu kwamba kikuku kimoja ni pingu.

Binti yangu alipoposwa, nikalifungua sanduku. Fedha ilikuwa imegeuka nyeusi, lakini nilipoisugua kwa majivu na ndimu pambo lake likatokeza: msokoto wa kamba kuzunguka duara lote, na juu ya kamba vijipunje kama vya mtama, na baina ya punje na punje ua dogo. Upande mmoja maua yalikuwa yamelika hata yamekaribia kuwa laini. Ndipo mahali kilipokuwa kikigongana na mwenzake miaka yote ile.

Nikaazimia kumtafutia mwenziwe. Nilikuwa na riale tatu za nyanya yangu, zile za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780, ambazo babu zetu wa pwani walizitumia kwa biashara na masonara wao wakaziyeyusha kwa mapambo. Kila riale ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika sehemu 1,000 zake, sehemu 833 ni fedha safi. Fedha basi ninayo. Aliyekosekana ni fundi.

Sonara wa kwanza niliyemwendea aliniambia nimuuzie hicho kilichobaki. Wa pili akasema atanifulia kwa nyundo kitu kinachokaribiana nacho, kisha akanionyesha vikuku vya kutoka Dubai, akaniuliza kwa nini najitaabisha. Wa tatu nilimkuta katika kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa, chumba chenye dirisha moja, naye amejifunga barakoa nzito yenye vichujio viwili mashavuni. Nilidhani bado yumo katika hofu ya korona ya mwaka 2020.

"Sivyo, ami," akaniambia, akaivua ili tuamkiane. "Hii si ya ugonjwa wa watu. Ni ya ugonjwa wa unga."

Akakichukua kikuku, akakipima, akakigeuza akakitazama ndani kwa kioo chake cha jicho moja. Kisha akanipa nami nitazame. Upande wa ndani, ambao mvaaji haoni, palikuwa na vijidonge viwili vitatu vya fedha, vidogo kuliko kichwa cha sindano.

"Hiki hakikufuliwa, ami. Hiki kilisubiwa. Vidonge hivi si pambo, ni viputo vya hewa. Fundi alipoifunika nta, hewa ikanasa. Fedha ilipokuja ikaingia mahali pa hewa. Aliviona akaviacha, kwani ndani nani atatazama?"

NTA ILIYOPOTEA

Neno hili kusubu vijana wetu wengi hawalijui tena. Kufua ni kupiga chuma kwa nyundo kikatii. Kusubu ni kukiyeyusha ukakimimina katika kalibu. Na njia kongwe ya kusubu kitu chenye maua na mashimo na mikunjo ni hii ya nta. Fundi hukifanya kitu chake kwanza kwa nta, kamili kama atakavyo kiwe. Hukifunika kwa kitu kinachostahimili moto, akaacha tundu. Akikipasha moto, nta huyeyuka ikatoka kwa tundu lile, na ndani hubaki uwazi wenye umbo lake. Humo ndimo humiminwa shaba, au fedha, au dhahabu. Kisha kalibu huvunjwa. Hakuna namna nyingine ya kukitoa kitu.

Kazi hii ina umri wa maelfu ya miaka, nayo haikuwa ya kabila moja. Mafundi wa Benin waliifanya, na Waashanti walisubu kwayo mawe yao ya kupimia dhahabu, na mpaka leo wako mafundi wa Bengal na Orissa huko Bara Hindi wanaoifanya. Lile dubwana la shaba lenye mwili wa simba na kichwa cha tai, lililosimama juu ya paa la kanisa kuu la Pisa, Italia, mpaka mwaka 1828, ni kazi ya mafundi wa Kiislamu ya karne ya 11, na kifuani limeandikwa Kiarabu cha kuomba baraka. Wasomaji wa Lamu nao hawana haja ya kwenda Pisa. Siwa yao ya shaba, iliyokuwa ikipigwa katika harusi na sherehe za watu wakubwa, ilisubiwa kwa nta, nayo iko katika jumba la makumbusho pale pale Lamu pamoja na dada yake wa Pate aliye wa pembe za ndovu.

Mimi siwa ile nimeitazama mara nyingi, na siku zote nilikuwa nikistaajabia nakshi. Sasa nastaajabia jambo jingine. Kila kalibu ya fundi yule ilikuwa na nta yake moja tu. Kama kalibu ingepasuka motoni, nta imekwisha kuyeyuka, kazi yote ya mikono imekwenda, na shaba imemwagika majivuni. Kila kitu kilitegemea lile funiko ambalo leo hakuna alionaye kwa sababu lilivunjwa likatupwa.

Wazee walifunika kwa udongo. Tabaka la kwanza huwa la udongo mlaini uliochujwa, hupakwa kidogo kidogo ili ushike kila mkunjo wa nta, ukaushwe kivulini, kisha upakwe tena. Tabaka za juu huwa nzito, udongo umechanganywa na makapi ya mpunga, au unga wa makaa, au samadi, ili upate kupumua na usipasuke. Ni kazi ya siku nyingi, na subira yake ni subira ya mtu asiye na saa ukutani.

DAKTARI WA MENO

Aliyeleta haraka katika kazi hii hakuwa sonara. Alikuwa daktari wa meno, Mmarekani wa jimbo la Illinois aitwaye William H. Taggart. Mwezi wa Januari mwaka 1907 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini New York akawaonyesha jinsi ya kuziba jino bovu kwa dhahabu inayoingia sawasawa: unafanya umbo la tundu kwa nta, unaizungushia uji wa unga maalumu katika mkebe mdogo, unga unakuwa jiwe, unachoma nta, unasukuma dhahabu ndani. Taggart akachukua hati ya kumiliki uvumbuzi wake, akataka alipwe na kila daktari atakayeufuata. Madaktari wakaenda naye mahakamani, na ikadhihirika kwamba daktari mwingine wa Iowa, B. F. Philbrook, alikuwa amekwisha kuieleza njia hiyo mwaka 1897. Taggart akashindwa.

Basi kumbe watu hawakukoma. Baadaye akaja Jungersen, aliyeunganisha nta na kalibu ya mpira ili pambo moja litoe nta nyingi zinazofanana, naye akadai njia ni yake peke yake. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1949 akaambiwa hapana. Miongoni mwa hoja zilizotajwa ni kwamba Mwitaliano Benvenuto Cellini alikwisha kuiandika kazi ya nta katika karne ya 16. Nilicheka niliposoma habari hizi. Nta haikubali kumilikiwa.

Lakini unga ulibaki, na ndio unaotumiwa na masonara duniani kote leo. Masonara wetu wengi wauita plasta tu. Mimi nitauita unga wa kalibu. Ndani yake mna vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni jasi iliyochomwa, ile ile ambayo hospitali huifunga mtu aliyevunjika mguu. Jasi ni jiwe lenye maji yaliyofungamana nalo. Ukilichoma kwa moto wa nyuzi 150 hivi za sentigredi, robo tatu ya maji yale hutoka, likawa unga wenye kiu. Ukiurudishia maji, huyanywa, na kwa dakika chache huwa jiwe tena. Sisi watu wa pwani tumezoea chokaa ya matumbawe, ambayo wazee walichonga zidaka kwayo. Chokaa ni kitu cha subira, hukomaa kwa miezi. Jasi haina subira hata kidogo.

Jasi peke yake haifai, kwani motoni husinyaa ikapasuka. Ndiyo sababu huwa ni kama robo mpaka theluthi tu ya unga. Kilichobaki, yaani sehemu kubwa, ni silika iliyosagwa laini mno: kwatzi, ambayo ni mchanga mweupe, na ndugu yake aitwaye kristobaliti. Hizi haziogopi moto wa sonara, na zinapopata joto hutanuka. Huko kutanuka hufidia kusinyaa kwa jasi, na hufidia pia sehemu ya kusinyaa kwa fedha inapopoa.

HARAKA YANGU

Fundi alianza kwa kukitia kikuku katika mpira wa kumimina usiohitaji moto. Ulipokauka akaupasua kwa kisu, akakitoa kikuku salama, akabaki na uwazi wake katika mpira. Humo akaingiza nta ya moto. Kikatoka kikuku cha kijani, chepesi kama jani, na maua yake yote.

"Ami, upande huu uliolika, niyachonge maua upya katika nta? Ni kazi ya saa moja."

Nikamwambia aache kwanza, nifikiri.

Akaipima nta. Fedha ni nzito kuliko nta karibu mara kumi, kwa hiyo ukiijua nta umeijua fedha utakayohitaji. Ilikuwa gramu 6 na kidogo. Riale tatu zatosha, na za kujaza mlizamu zitabaki. Mlizamu ni kile kijiti cha nta kinachounganishwa na pambo ili kiache njia ya kupita fedha.

Kisha akaniambia jambo ambalo laiti ningelisikiliza. Unga wake uliobaki ulikuwa wa gunia alilolifungua kabla ya mvua za masika. Mpya ungekuja kutoka Nairobi baada ya wiki. Harusi ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili, na mama wa bibi harusi, yaani mke wangu, alikuwa akiniuliza kila siku. Nikamsihi fundi atumie ule alio nao. Yeye ni kijana, mimi ni mtu mzima wa makamo ya babake, na kwa adabu hakunibishia.

Nilikaa pembeni nikamwona akifanya kazi. Alipima gramu 40 za maji kwa kila gramu 100 za unga, kwa mizani, si kwa kikombe. Maji aliyatoa katika friji, kwani maji ya bomba ya Mombasa yana joto, na maji ya joto huuharakisha unga. Yeye huyataka yawe kama nyuzi 22. Unga ndio hutiwa katika maji. Ukifanya kinyume, utapata madonge. Tangu unga ulipogusa maji alikuwa na dakika 9 tu. Dakika 3 za kukoroga. Kisha akaliweka bakuli chini ya kuba la kioo akawasha pampu ya kufyonza hewa, na uji ukaumuka kama maziwa yanayochemka, ukapanda, ukaanguka. Akaumimina katika mkebe wa chuma cha pua alimosimamisha nta, taratibu, ubavuni, ili uji upande wenyewe mpaka juu. Akaurudisha mkebe chini ya kuba kuondoa hewa iliyobaki. Fundi wa kikuku cha mama hakuwa na pampu. Ndipo vile vidonge.

Uji mzuri hukauka ung'aavu wa juu pale pale unapomaliza kazi. Ule wa kwetu ulikawia. Dakika 15 zikapita bado unameta. Fundi akaugusa kwa ukucha, akanyamaza.

Kiu ndiyo nguvu ya jasi, na jasi isipotiliwa maji na fundi itayanywa ya hewani. Katika mji wetu huu, ambao chumvi hulowa katika kopo na biskuti hulainika kabla ya kumalizika, unga uliofunguliwa miezi mitatu umekwisha kuinywa hewa ya bahari siku zote hizo. Ukija kuupa maji hauna hamu nayo. Unashika, lakini unashika kwa ulegevu.

Asubuhi ya pili aliimimina fedha. Kalibu ilipovunjwa, kikuku kilitoka na mapezi ubavuni kama ya samaki, kwa sababu jiwe lilikuwa limepasuka motoni na fedha ikaingia ufani. Kipande cha kalibu kilikuwa kimebanduka kikaelea ndani, kikaacha shimo ambalo ungepitisha punje ya mchele. Nikamtazama fundi, naye akatazama chini. Kosa lilikuwa langu mimi.

Fedha haikupotea, itayeyuka tena. Nta imepotea, lakini mpira uko, na nta ya pili ni kazi ya nusu saa. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa siwa, ambaye hakuwa na mpira.

UGONJWA WA UNGA

Wakati tunakiangalia kile kikuku kiwete, kijana mwanafunzi wake akachukua ufagio akaanza kufagia vipande vya kalibu vilivyokauka sakafuni. Fundi akampigia ukelele kana kwamba ameshika nyoka.

"Maji kwanza! Nimekwambia mara ngapi?"

Kijana akanyunyiza maji, akakusanya kwa tambara lililolowa. Ndipo fundi akanieleza habari za babake, ambaye ndiye aliyemfundisha. Miaka mingi alichanganya unga katika chumba hiki hiki, dirisha limefungwa ili upepo usiupeperushe, na puani hana kitu. Mwishoni alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumba yake. Hospitali wakampiga picha ya kifua, na daktari akawaambia mapafu yameshika vumbi, na kwamba vumbi hilo likishaingia halina dawa ya kulitoa.

Nimeyauliza mambo haya kwa wanaojua, na ndivyo yalivyo. Silika iliyosagwa kwa ajili ya unga huu ni laini kiasi kwamba chembe zake hatari hazionekani kwa jicho. Huelea hewani muda mrefu baada ya mtu kudhani vumbi limetua. Huingia mpaka vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, zikakaa, na mwili katika kuzipinga hujitia makovu, na kovu halivuti pumzi. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walizitia kwatzi na kristobaliti zinazovutwa kazini katika daraja la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kawaida, au ncha ya kilemba iliyozungushwa puani, havizuii kitu. Hutakiwa barakoa yenye kichujio cha vumbi laini, unga ufunguliwe na kupimwa bila ya kurushwa, na kila ufagiaji uwe wa maji. Na kalibu iliyokwisha kutumika ni hatari kama unga mpya, kwani silika haiungui.

Naandika haya kwa sababu najua wako vijana wetu, wa Mombasa na Malindi na Lamu, wanaojifunza kazi hii kwa kutazama picha katika simu, na katika picha zile aghalabu mkorogaji hana kitu usoni. Bei ya barakoa ile nzito si ndogo. Lakini fundi aliniambia kwamba aliinunua yake kwa fedha za kwanza alizolipwa baada ya kumzika babake, na hajapata kuziona fedha zilizotumika vizuri zaidi.

MARA YA PILI

Unga mpya ulifika siku nne kabla ya harusi. Aliugawa papo hapo katika ndoo za plastiki zenye vifuniko vya kubana, akaziba kwa utepe, akaacha nje wa kazi yetu tu. Safari hii uji uliacha kung'aa dakika ya kumi, na baada ya saa moja alipoupiga kwa ukucha ulitoa sauti ya kigae. Akauacha saa moja nyingine.

Tanuri aliliwasha baada ya isha, mkebe umepinduliwa tundu chini ili nta itoke. Moto huu hauna ubishi, hupandishwa kwa daraja. Nyuzi 150 kwa saa mbili, maji yatoke polepole, kwani yakichemka kwa ghafla yatairarua kalibu kutoka ndani. Kristobaliti hutanuka kwa ghafla inapozipita nyuzi 200 na ushei, na kwatzi inapofika 573, na kila mara hapo anayepandisha kwa pupa husikia mlio wa kupasuka. Nyuzi 370 kwa saa mbili. Kisha 730 kwa saa tatu, mpaka masizi ya nta yaishe na tundu liwe jeupe. Kupita 750 ni marufuku: jasi huanza kuvunjika, ikatoa hewa ya kiberiti, na fedha hutoka imeungua uso. Tanuri lake ni la gesi, kwa sababu umeme wetu mnaujua.

Nilikaa naye mpaka usiku wa manane, si kwa kuwa nilikuwa na msaada wowote wa kumpa. Mbele ya moto ule ikanijia ile aya ya 17 ya Surat Ar-Ra'd, inayotaja vitu ambavyo watu huviyeyusha motoni kwa kutaka mapambo au vyombo, na povu linavyokwenda bure na kinachofaa watu kikabaki. Mwalimu wetu wa chuoni alitufasiria tukiwa watoto, nasi hatukuwa tumepata kuona chuma kikiyeyuka. Nikachukua bahasha ya mwaliko wa harusi nikaandika nyuma yake beti moja, nayo ni hii:

Nta haina mifupa, yaacha umbile lake,
Moto ukishaichapa, hutoka isirudike,
Fedha ikaja kulipa, ikae mahali pake,
Unga nao twautupa, na kazi ni kazi yake.

Asubuhi tanuri lilikuwa limeshushwa mpaka 540, kwani kalibu ikiwa na moto mno fedha huganda kwa uvivu na kuwa na chembe nene, na ikiwa baridi mno hugandia njiani kabla ya kufika maua ya mwisho. Akaziyeyusha riale, pamoja na kile kikuku kiwete ambacho ndicho riale zenyewe. Fedha safi huyeyuka kwa nyuzi 961; ya riale, kwa kuwa ina shaba ndani yake, hutangulia. Ilipozunguka katika chungu kama jicho, akauweka mkebe juu ya mashine inayofyonza hewa kwa chini, akamimina. Ilikuwa kazi ya pumzi moja. Kalibu njema hupitisha hewa ingawa ni jiwe, na fedha ikanywewa mpaka ndani.

Akangoja wekundu wa mlizamu uishe. Kisha akaushika mkebe kwa koleo akautumbukiza katika ndoo ya maji. Jiwe likalia, likachemka, likavunjika lenyewe likawa tope jeupe, na katika tope lile mkono wake ukatoka na kikuku.

Maua aliyaacha yalivyo. Nilikuwa nimekwisha kumjibu kuhusu upande ule uliolika: auache. Kwa hiyo kikuku kipya kilizaliwa kikiwa kimelika mahali pale pale, kana kwamba nacho kimegongana na mwenzake miaka yote. Kwa ndani hakina vidonge. Na ni kidogo kuliko cha zamani kwa asilimia mbili au tatu, kwani nta husinyaa na fedha husinyaa, na unga haukuweza kufidia yote. Ukivilaza mezani huoni. Lakini binti yangu alipovivaa siku ya harusi, cha nyanya yake kilipita mkononi bila ya taabu, na hiki kipya ilibidi shangazi yake ampake sabuni. Akanywa chai kwa mkono ule, na nilikuwa chumba cha pili nikavisikia.